Unga mweupe kwenye bumu la alumini

Rangi ya bumu (ule mti wa kulala unaoshika tanga kwa chini) ikituna malengelenge kuzunguka skurubu, na ukikwangua unatoka unga mweupe, usipake rangi juu yake. Stenlesi ya skurubu (chuma kisichoshika kutu upesi), alumini ya bumu na maji ya chumvi vikikutana ni betri kamili, na anayeliwa ni alumini. Boti zinazolala nangani Ghuba ya Tanga hulijua hilo vizuri: kusi likivuma, chumvi huingia hadi ndani ya bumu.

Fungua kifaa chote kilichofungwa kwa skurubu hizo. Skurubu iliyoganda itie mafuta ya kulegeza, iache usiku kucha, kisha ipashe hewa ya moto. Ukiikaba kwa nguvu kichwa kitakatika. Kwangua kwa msasa namba 120 hadi alumini ing'ae. Brashi ya waya wa chuma weka kando, chembe zake hubaki na kuanzisha ugonjwa upya. Vishimo vya juu juu vijaze epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu). Palipotoboka, epoksi ni kujidanganya: piga kiraka cha bamba la alumini kwa ribiti za alumini. Praima (rangi ya kwanza) ya kupakwa juu ya alumini ipakwe ndani ya saa moja, maana ngozi ya oksidi hurudi upesi.

Unaporudisha kifaa, tandika plastiki ngumu ya milimita 1 chini yake, weka washa za nailoni, na paka lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) kwenye meno ya skurubu. Grisi ya shaba au ya grafaiti, hapana kabisa.

Na yale matundu ya kutolea maji kwenye ncha za bumu, yazibue. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi hata ndani.