Vifaa vya kutengenezea pesto ya kitunguu saumu pori: cha kununua na cha kuacha

Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Mei, misitu yenye unyevunyevu ya Ujerumani hujaa majani mapana yanayonukia saumu. Hapa Leipzig, msitu wa kandokando ya mito unaopita ndani ya jiji hufunikwa nayo, na harufu hukufikia ukiwa bado juu ya baiskeli. Mmea wenyewe ni kitunguu saumu pori, kwa jina la kisayansi Allium ursinum. Sokoni unauzwa kwa jina la Bärlauch, vifungu vidogo vidogo, na wengi wetu tunaoishi huku tumeupenda kwa sababu unatupa saumu na mboga ya majani kwa pamoja.

Kila msimu ukikaribia, swali ni lilelile: ninunue blenda gani? Jibu langu halijabadilika: usianze na blenda. Pesto hii, yaani mchuzi mzito wa majani yaliyosagwa na mafuta, huharibiwa na maji yaliyobaki kwenye majani, na makali butu, na chombo kisichofaa cha kuhifadhia. Pesa iende huko kwanza.

Hatua ya 1: Jua kiasi unachotengeneza

Chukua kipimo hiki kama msingi: majani gramu 100, korosho gramu 50, jibini gumu kama Parmigiano gramu 50, mafuta mililita 120, chumvi kidogo. Utapata kama gramu 300, yaani chupa mbili ndogo. Korosho si kosa. Watu wa Genoa, mji wa Italia ambako pesto ya mrihani imetoka, hutumia mbegu za msonobari, lakini bei yake ni kubwa na saumu pori ina nguvu kiasi cha kuifunika ladha yake. Lozi au mbegu za alizeti zinafaa pia.

Kwa kiasi hiki, mashine kubwa ya lita 3 ni hasara. Majani yatarushwa kwenye kuta za bakuli na kubaki huko, kisu kikizunguka hewani. Kama unatengeneza kwa ajili ya familia kubwa au kujaza friza, hapo mashine kubwa ina kazi.

Kinachohitajika mapema ni mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kifungu kimoja cha majani si sawa na kingine, na kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta pesto inayochoma ulimi leo na isiyo na ladha kesho.

Hatua ya 2: Mkasi na kikapu, kama unachuma mwenyewe

Mkasi wa kawaida unatosha. Kata jani moja kwa kila mche, acha mengine, wala usiguse kiazi chake chini. Sheria ya Ujerumani inaruhusu kuchuma kiasi kidogo, konzi ya mkono, kwa matumizi yako mwenyewe. Ndani ya hifadhi za mazingira hairuhusiwi, na baadhi ya sehemu za msitu wa Leipzig ni hifadhi, kwa hiyo soma vibao.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana watu wamekufa. Kuna mimea miwili yenye sumu inayofanana na huu: Convallaria majalis (Wajerumani huuita Maiglöckchen) na Colchicum autumnale (Herbstzeitlose). Sumu ya huo wa pili haiondoki kwa kupikwa. Saumu pori hutoa kila jani kwa kikonyo chake chembamba kutoka ardhini. Convallaria hubeba majani mawili au zaidi kwenye shina moja. Majani ya Colchicum hayana kikonyo kabisa, ni magumu na yamesimama. Usitegemee pua peke yake: ukishachuma jani la kwanza, vidole vyako vinanuka saumu, na chochote utakachoshika baadaye kitanuka hivyohivyo. Angalia jani moja moja, la sivyo nunua sokoni.

Hatua ya 3: Kifaa cha kukausha majani

Hiki ndicho ninachosema kinunuliwe kabla ya mashine yoyote: lile bakuli lenye kikapu ndani, unazungusha mpini au unavuta kamba, maji yanarushwa nje. Chagua lenye ujazo wa lita 4 au 5, kikapu kiwe na matundu membamba, na mfuniko uwe unafunguka vipande viwili ili uweze kuosha ndani. Lenye breki ya kubonyeza linarahisisha kazi, si lazima.

Kwa nini nasisitiza? Maji na mafuta havikai pamoja. Majani yakiwa na maji, pesto inajitenga baada ya saa chache, chini kuna supu ya kijani, juu mafuta. Zungusha, mwaga maji, zungusha tena. Kisha tandaza majani juu ya kitambaa safi cha jikoni kwa nusu saa. Ukibana jani kati ya vidole viwili na vidole vikabaki vikavu, liko tayari. Asiyetaka kununua bakuli hilo anaweza kukausha kwa taulo mbili safi, ila atumie muda na asiharakishe.

Hatua ya 4: Cha kusagia

Zipo njia tatu za maana.

*Kinu cha mawe.* Wa Genoa hutumia kinu cha marumaru na mchi wa mbao, na sababu zipo. Kinu cha namna hiyo ni kipana na si kirefu, ndani hakikung'arishwa, na mchi hauendi juu na chini tu, unazungushwa ukibana majani ukutani. Kinu chetu cha mbao cha kutwangia saumu, kile chembamba chenye shimo refu, hakifai kwa majani: yanakwepa mchi na kujikunja chini. Tena mbao inanyonya harufu, na kinu hicho hakitasaga iliki tena. Ukinunua, tafuta marumaru au matale, upana wa ndani usiopungua sentimita 15, na kizito kiasi kwamba hakisogei mezani. Pitisha kidole ndani dukani. Kikiteleza kama sahani, kiache.

Ladha ya kinu ndiyo bora, sibishani na mtu. Lakini majani gramu 100 yanahitaji kukatwa kwanza kwa kisu, kutiwa chumvi, kisha kutwangwa kwa mafungu.

*Mashine ndogo ya kukatakata.* Hii ndiyo ninayowashauri wengi. Bakuli la nusu lita hadi lita moja, wati 300 hadi 500, kisu chenye umbo la S kinachoshuka mpaka karibu na sakafu ya bakuli. Kigezo muhimu kuliko wati ni kitufe: kiwe cha kubonyeza na kuachia. Bonyeza sekunde moja, achia, kwangua kuta kwa mwiko wa mpira, bonyeza tena. Ukiiacha ikimbie dakika nzima, majani yanapata moto, rangi inafifia, na mafuta ya zeituni yakipigwa kwa kasi kubwa yanaweza kuwa machungu. Kwa hiyo mimi husaga majani na korosho na vijiko viwili tu vya mafuta. Mafuta yaliyobaki nayakoroga kwa kijiko mwishoni.

Pendelea bakuli la kioo. La plastiki linashika harufu ya saumu kwa wiki nyingi.

*Blenda ya mkono.* Kama unayo tayari, usinunue kingine. Itumie ndani ya kikombe kirefu chembamba, na kata majani kwanza vipande vya sentimita 2, maana nyuzi ndefu hujisokota kwenye kisu. Pesto itatoka laini zaidi, karibu rojo.

Blenda ndefu ya juisi naiweka mwisho. Inataka kimiminika kingi ili izunguke, utalazimika kumimina mafuta kupita kipimo, na chini ya kisu hubaki kiasi kisichotoka.

Hatua ya 5: Vyombo vya kuhifadhia

Saumu iliyofunikwa na mafuta haina asidi ya kutosha wala haipati hewa, na hayo ndiyo mazingira anayopenda bakteria wa Clostridium botulinum. Sumu yake haionekani, hainuki. Kuchemsha chupa ya pesto kwenye sufuria hakuui mbegu zake, na tabaka la mafuta juu linazuia rangi kubadilika tu, si bakteria huyo. Basi achana na seti za chupa za kusindikia. Kwa pesto hazina kazi.

Nunua chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana za mililita 150, na trei ya barafu yenye mfuniko. Chupa moja iingie kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini yake. Kipimajoto kidogo cha friji si ghali, na friji nyingi hazina baridi ambayo wenyewe wanaidhani. Mamlaka za afya za Marekani hushauri mafuta yenye saumu ya nyumbani yatupwe baada ya siku 4, nami nafuata hesabu hiyo hiyo. Huku wengi huyaweka wiki kadhaa, siwaigi.

Kinachobaki kigandishe kwenye trei siku ileile, bila jibini, kisha hamishia vipande kwenye mfuko wa friza uliotolewa hewa. Vipande viwili au vitatu vinatosha tambi za mtu mmoja. Viyeyushe ndani ya friji, na jibini likwaruze wakati tambi ziko motoni.