Unga wa makombe ndani ya utepe wa kupandikizia miche

Kijana anayepandikiza maparachichi Vihiga, yaani anayeunganisha kikonyo cha mti bora na shina la mche, aliniuliza namna ya kupata utepe usiokaba shina kama nailoni. Utepe wa mpira asilia huchakaa juani na kukatika wenyewe. Ukiutia unga wa makombe ya baharini unaokoa leteksi (utomvu wa mpira), ambayo ndiyo ghali, na kombe karibu lote ni kalsiamu kaboneti: shambani hubaki chokaa tu, nayo haidhuru udongo wetu wenye asidi.

1. Makombe. Ya baharini utayapata agrovet, yale ya kuku wa mayai. Loweka kwenye Jik (dawa ya kung'arisha nguo) usiku kucha, suuza mpaka harufu iishe kabisa (Jik ikikutana na amonia ya hatua ya 4 hutoa hewa ya sumu), kisha anika. Usiyachome. Kombe lililochomwa huwa chokaa kali, na leteksi itaganda kama maziwa lala.

2. Twanga. Vaa barakoa.

3. Kutenga unga laini. Hapa ndipo watu hukwama. Chekecheo la jikoni ni kujidanganya. Punje moja kubwa ikipita, utepe utakatikia hapo hapo. Mimi natumia maji. Tia unga kwenye ndoo yenye maji ya kina cha sentimita 10, koroga, acha dakika 20. Punje zinazozidi maikroni 10 (sehemu ya mia ya milimita) zitakuwa zimezama. Mimina taratibu yale maji meupe kwenye ndoo nyingine, mashapo yarudi kinuni. Kesho yake mwaga maji yaliyotakata juu, ubaki na uji mzito.

Uji huo usiukaushe! Ukikauka hushikana, na unga mkavu ukiingia kwenye leteksi hunyonya maji yake, unabaki na madonge. Kujua una unga kiasi gani, pima gramu 10 za uji, kausha hizo tu, pima tena. Na maji yawe ya mvua. Ya kisima mara nyingi yana kalsiamu iliyoyeyuka, nayo huivuruga leteksi.

4. Changanya. Nunua leteksi ya asilimia 60 iliyokwisha kuvalkanishwa, yaani kuimarishwa kwa salfa; salfa waachie wenye kiwanda. Kila gramu 100 zina mpira gramu 60, kwa hiyo tia uji wenye unga gramu 6. Ukizidisha sana, utepe unakuwa mgumu na hauvutiki. Kwanza tia kwenye uji matone ya amonia na sabuni ya mche iliyoyeyushwa, madirisha wazi. Kisha uji uingie kwenye leteksi kidogo kidogo, si leteksi kwenye uji, ukikoroga polepole bila povu.

5. Mwaga juu ya kioo, kausha kivulini, paka poda, bandua, kata.

Vuta kipande mpaka kikatike, utazame ncha kwa kamera ya simu. Ukiona kidoa cheupe, rudi hatua ya 3.