Rejista ya presha na kisukari: mtafute asiyekuja

Daftari la MTUHA, lile la taarifa za huduma za afya kituoni, linakuonyesha nani kaja leo. Halikuambii nani hajaja, na mgonjwa wa presha dawa zikimwishia anaweza asisikie maumivu yoyote mpaka siku apooze upande mmoja. Mimi ni muuguzi wilayani Chamwino, Dodoma. Rejista yetu tunaitunza hivi.

Chukua kaunta buku kubwa. Mgonjwa mmoja, mstari mmoja, mwaka mzima, na kila mwezi uwe na kisanduku chake. Tarehe ya kurudi iandike kwa penseli. Akija, andika kipimo chake kwa kalamu ya wino. Kisanduku chenye penseli tu baada ya tarehe kupita, huyo ni mtoro.

Jina peke yake halitoshi, maana huku ukiita Mazengo benchi zima linaweza kuinuka. Weka kitongoji, jirani anayemfahamu, na simu ya anayekaa naye, kwa kuwa wazee wengi hawana simu.

Kila Ijumaa pitia visanduku vya penseli, upige simu. Usianze na lawama: "Shikamoo mama, hatujakuona kliniki, kwema?" Akipokea mtu mwingine, ugonjwa usiutaje kabisa. Asiyepatikana, mpe mhudumu wa afya ngazi ya jamii jina lake. Kuanzia Desemba jibu huwa moja: yuko shambani. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, hakuna wa kuacha uwele wake aje kupanga foleni. Kwa hiyo Novemba mwombe daktari awaandikie wale ambao presha au sukari yao imetulia dawa za miezi miwili.

Presha ikifika 140/90 au zaidi mara mbili mfululizo, zungushia wino mwekundu na umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Kwanza muulize kama dawa anazimeza. Kurudia dozi ileile mwezi baada ya mwezi ndiko kunakotuumizia watu.

Wa kisukari waongezee safu tatu za kila mwaka: macho, mkojo kwa ajili ya figo, na miguu. Ya miguu ndiyo inayorukwa sana, nami naisisitiza kuliko zote. Mwambie avue makatambuga, yale makubazi ya tairi, mwoshe vumbi, tazama katikati ya vidole na chini ya kisigino. Miiba ya huku hupenya hata tairi, na mguu uliokufa ganzi hausikii. Ukikuta kidonda, tarehe ya kurudi iwe wiki hiyohiyo, siyo mwezi ujao.