Theluji, trekta na saa kumi alfajiri: kutumia na kutunza mashine ya kurusha theluji bila kuumia

Lori la maziwa halingoji theluji iyeyuke. Kwenye mashamba ya ng'ombe ya Vermont na Wisconsin, au ng'ambo ya mpaka kule Ontario, lori hilo hupita kila siku au siku moja baada ya nyingine. Likishindwa kulifikia tangi la kupozea, tangi hujaa na maziwa yanayokamuliwa baada ya hapo humwagwa. Ndiyo maana kazi ya kusafisha njia huanza gizani, saa kumi au kumi na moja alfajiri, mtu akiwa bado na usingizi na mwenye shamba akichungulia dirishani. Makala haya ni ya wenzetu wazungumzaji wa Kiswahili walioajiriwa kwenye mashamba kama hayo, au walionunua trekta dogo kwa ajili ya eneo lao wenyewe, na sasa wamekabidhiwa mashine ya kurusha theluji.

Kama umewahi kusimamia mashine ya kupukuchulia mahindi inayozungushwa na trekta, Kitale au Mbeya, nusu ya kazi hii unaijua tayari. Shafti ni ile ile ya PTO, inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta na kuipeleka kwenye mashine, na mwendo wake kwa kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani mizunguko 9 kila sekunde. Mdomoni kuna skrubu kubwa ya chuma iliyolala kwa upana, inayokusanya theluji na kuisukuma katikati. Nyuma yake kuna feni yenye mapanga mazito inayoipokea na kuirusha juu kupitia bomba linalogeuzwa kulia na kushoto. Hata asili yake ni ya shambani. Arthur Sicard wa Quebec, aliyeunda mashine ya namna hii mwaka 1925, wazo alilipata kwa kutazama mashine ya kupuria ngano.

Dereva aliyekaa kitini, amefunga mkanda, mashine ikila theluji polepole, hana shida kubwa. Shida huanza anaposhuka: mdomo umeziba, bomba limeganda, boliti imekatika, kuna kamba imejisokota kwenye skrubu. Kwa hiyo kila nitakalolieleza hapa kuhusu grisi, boliti na mwendo lina shabaha moja, nayo ni kukupunguzia safari za kushuka na kuukaribia ule mdomo. Na safari zilizobaki, ambazo hazikwepeki, uzifanye injini ikiwa imezimwa.

Imezimwa, si imepunguzwa mwendo. Ukitaka kuzibua, toa PTO, shusha mashine mpaka iguse ardhi, vuta breki ya mkono, zima injini na utie ufunguo mfukoni mwako. Kisha subiri. Feni ni nzito na huendelea kuzunguka kwa muda baada ya nguvu kukatwa. Kwenye giza, na masikio yakiwa yamefunikwa kofia ya sufu, ni rahisi kudhani imesimama. Ufunguo nao kuuweka mfukoni si urasimu. Asubuhi kuna watu wengi uani, na yuko mwenye nia njema atakayepanda trekta "akusaidie" wakati wewe umeinama mdomoni.

Zibua kwa kijiti kirefu cha mbao au koleo la plastiki. Usitie mkono hata kama umevaa glavu nene, na usipige teke. Skrubu iliyokwama kwenye barafu inaweza kuwa bado imebanwa na nguvu iliyobaki kwenye mnyororo na shafti. Ukilivunja lile bonge, inajirusha robo mzunguko hata kama injini imezimwa. Robo mzunguko inatosha kukuondolea vidole.

Hili si suala la hiari ya mwenye shamba. Kanuni za OSHA, idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini, zinamtaka mwajiri amfundishe mfanyakazi wa shambani siku anapokabidhiwa mashine ya aina hii, kisha angalau mara moja kila mwaka. Mafunzo hayo yanataja waziwazi kuacha vikinga mahali pake, kutobeba abiria, na kuzima injini, kutenga nguvu na kusubiri kila kitu kisimame kabla ya kusafisha, kurekebisha au kuzibua. Ila mashamba yenye wafanyakazi 10 au pungufu kwa kawaida hayafikiwi na wakaguzi wa serikali kuu, na mashamba mengi ndiyo ya ukubwa huo. Usingoje mkaguzi, basi. Mwambie mwenye shamba akuoneshe kila wenzo mchana, kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Kama Kiingereza au Kifaransa chake kinakupita, mwombe aoneshe kwa vitendo, nawe urudie mbele yake.

Sasa, kwa nini mashine huziba? Mara nyingi si ubovu, ni mwendo. Dereva anapunguza mafuta ili kuokoa dizeli au kupunguza kelele, feni inapoteza kasi, theluji inafika nusu ya bomba na kukaa hapo hapo. Feni iende kwa kasi yake kamili ya 540 muda wote inapokula. Kinachopunguzwa ni mwendo wa magurudumu. Tia gia ndogo kabisa, na tuta likiwa kubwa kula nusu ya upana wa mashine badala ya upana wote. Ukisikia injini inalemewa, kanyaga klachi ya magurudumu, acha feni ijisafishe, kisha endelea. Wakati wa kuiwasha ni kinyume chake: ingiza PTO injini ikiwa chini, ndipo upandishe taratibu, maana kuiingiza kwa kasi kunakata boliti na kuchosha klachi.

Theluji ya Januari, kavu kama unga, haileti matatizo mengi. Ya kuogopa ni ile ya Machi, wakati joto liko karibu na sifuri ya Selsiasi na theluji imelewa maji. Hiyo hunata. Kabla ya kutoka, pakaza nta ya magari au pulizia silikoni ndani ya bomba na kwenye uso wa feni. Ni kazi ya dakika chache inayokuepusha kushuka mara nyingi. Ukimaliza kazi, siku yoyote ile, iache izunguke tupu kwa dakika moja ili theluji yote itoke, la sivyo kesho utakuta feni imeshikana na nyumba yake. Iegeshe juu ya mbao mbili, isigande na ardhi. Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, gusa skrubu na feni kwa kijiti uone kama vinacheza.

Boliti za kukatika zinastahili maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi hujidanganya. Ni boliti laini kwa makusudi. Kwa kawaida ziko kwenye skrubu au kwenye shafti, na kazi yake ni kufa ili gia boksi ipone. Mashine ikimeza jiwe au gogo, boliti inakatika, skrubu inasimama, hasara ni senti chache. Mtu akichoshwa na kubadilisha boliti, anatia ngumu. Mara nyingine inapokwama hakuna kinachokatika isipokuwa meno ya gia, na gharama yake humaliza faida ya msimu. Tazama kichwa cha boliti: ikiwa vipimo ni vya Marekani, kisicho na mistari ni daraja la 2, mistari mitatu ni daraja la 5, mistari sita ni daraja la 8. Tia daraja na kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, basi. Weka kopo lenye boliti za akiba na nati zake kwenye kibanda cha trekta, pamoja na spana mbili zinazoingia, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri, vidole vimekufa ganzi, hutaki kutafuta spana stoo. Na boliti ikikatika, kabla ya kutia mpya tafuta kilichoikata. Mara nyingi utakikuta kimelala palepale: kamba ya kufungia nyasi kavu, waya wa umeme wa nje, mnyororo, gazeti lililoganda likawa kama ubao.

Njia bora ni kuvikwepa vitu hivyo tangu Novemba. Kabla ardhi haijaganda, zunguka uani mchana ukikusanya kila kilicholala chini, na upigilie vijiti virefu vyenye rangi kando ya barabara, kwenye kona, kwenye mifereji na kwenye kila kitu cha chuma kinachojificha chini ya theluji. Ardhi ikishaganda, vijiti haviingii.

Kwenye njia ya changarawe, shusha vile viatu vya pembeni, yaani vyuma ambavyo mashine hutelezea juu yake, ili bamba la kukwangua lililo chini ya mdomo libaki sentimita mbili au tatu juu ya ardhi. Ukiliacha liguse, mashine inageuka bunduki ya kokoto. Kwenye lami au saruji unaweza kuliacha karibu zaidi. Viatu hivyo vinalika. Vikaguliwe, na vya pande zote mbili viwe sawa, vinginevyo mashine inakula upande mmoja.

Shafti ya PTO ndiyo ninayoiogopa kuliko kitu kingine chochote hapo nyuma. Jaketi la baridi lina kamba kiunoni, skafu ina ncha, glavu ina mkanda, na mizunguko 9 kwa sekunde haikupi nafasi hata ya kupiga kelele. Funga jaketi mpaka juu, ficha kamba zote, skafu iache nyumbani. Usiruke shafti inayozunguka, zunguka trekta lote. Halafu kagua kikinga cha plastiki kinachoifunika: injini ikiwa imezimwa, kishike kwa mkono ukizungushe. Kizunguke huru juu ya shafti, na kile kijimnyororo chake kiwe kimefungwa ili kisizunguke pamoja nayo. Kikiwa kimepasuka au kimeshikana na chuma, ni sawa na kutokuwapo. Krosi, yaani vile viungo vinavyoiruhusu shafti kupinda, na ile mirija inayoingiana ili shafti irefuke na kufupika, vinahitaji grisi kila baada ya saa nane hivi za kazi, au kama kitabu kinavyosema, na iwe grisi inayostahimili baridi. Maji yakiingia kwenye mirija hiyo yanaganda, shafti inakataa kujifupisha unaponyanyua mashine, na msukumo wote unaishia kwenye beringi za trekta. Ukiunganisha, vuta kola, ile pete inayoifunga shafti kwenye trekta, kwa nguvu uhakikishe imejifunga. Na usinyanyue mashine juu kabisa ikiwa inazunguka. Pembe ya krosi ikizidi utaisikia ikigonga.

Matrekta mengine yana PTO ya mizunguko 1000. Shafti ya 540 ina meno 6, ile ya 1000 inayofanana nayo kwa unene ina meno 21. Akikupa mtu kiunganishi cha kuzilazimisha zioane, mrudishie. Feni iliyoundwa kwa 540 haijaundwa kuhimili karibu mara mbili yake.

Mashine nyingi za bei nafuu hufungwa nyuma, maana yake unafanya kazi ukirudi nyuma, shingo imepinda kwa saa nzima. Shuka kunyoosha mwili, kwa utaratibu ule ule wa kuzima. Uzito huo wa nyuma pia unaiinua pua ya trekta, na usukani unakuwa mwepesi kuliko unavyotakiwa, kwa hiyo tia vyuma vya uzito mbele. Iliyofungwa mbele huhitaji uzito nyuma. Kwenye barafu funga minyororo kwenye magurudumu. Upinde wa kinga ya kupinduka usikunjwe, na mkanda ufungwe. Kimoja bila kingine hakisaidii sana trekta likiteleza mtaroni. Hakuna mtoto wa kupakatwa, hata akilia.

Rusha theluji kuelekea upepo unakokwenda, mbali na madirisha, magari na watu. Halafu kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi: usirundike theluji kwenye ukuta wenye mabomba ya moshi ya tanuri la kupasha nyumba, wala kwenye mita ya gesi au kirekebishi cha tangi la propani. Bomba likizibwa, hewa ya sumu isiyo na harufu inarudi vyumbani ambako watu wamelala. Ukiona limefunikwa, lifukue kwa koleo la mkono, si kwa mashine.

Injini nayo ina adabu zake za baridi. Dizeli ya kawaida, namba 2, huanza kutoa nta karibu nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri na kuziba chujio. Nunua ya msimu wa baridi, iliyochanganywa na namba 1, kabla baridi haijafika. Chomeka kipasha injini saa chache kabla ya kazi, na uache oili ya haidroliki ipate joto kabla ya kunyanyua chochote. Usipulizie etha kwenye injini yenye plagi za kupasha, inaweza kulipuka. Ukiliwasha trekta ndani ya banda, litoe nje mara moja, lipate joto huko.

Aprili theluji ikiisha, osha chumvi na matope, kagua oili ya gia boksi, badilisha ikiwa na maji, yaani imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Piga grisi kila chuchu mpaka ya zamani itoke, paka rangi pale chuma kilipokwanguka, geuza bamba la kukwangua kama lina pande mbili, na iweke juu ya mbao chini ya paa. Boliti, viatu na kikinga cha shafti agiza wakati huo huo, maana Desemba kila mtu huwa dukani akitafuta vitu hivyo hivyo.