SOMO: Umetolewa polipu kubwa (kinyama kinachoota ndani) kwenye utumbo mpana? Soma hapa kabla hujanifuata inboksi

Wakuu, wiki hii pekee watu sita wamenifuata inboksi na swali ni lile lile, "nitumie dawa gani kile kinyama kisirudi?" Sasa naandika mara moja, atakayeuliza tena natupia linki. Mimi sio daktari, ni mgonjwa mwenzenu, nilitolewa polipu ya sentimita 3 na nusu kwa kamera, ile inayoingizwa njia ya haja kubwa, bila kupasuliwa.

1. Chukua ripoti zako, ya kamera na ya maabara. Piga picha, weka kwenye simu.

2. Muulize daktari kilitoka kizima au vipande vipande. Kikishazidi sentimita 2 mara nyingi wanakitoa vipande, wanadunga maji chini yake kinaumuka kama andazi halafu wanakata na kitanzi cha waya. Shida ni mabaki ya pembeni yasiyoonekana kwa macho, hayo ndo yanaota tena. Uliza pia kama kingo zilichomwa baada ya kukata. Kuna utafiti wa Australia wa 2019, waliochomwa kingo kilirudi kwa asilimia 5 hivi, wasiochomwa asilimia 21.

3. Wiki mbili za mwanzo ukiona damu nyingi, au homa na tumbo limekaza, ni hospitali saa hiyo hiyo.

4. Kama kilitoka vipande, rudi kwenye kamera baada ya miezi 6. Usisubiri kuumwa, hutaumwa. Pakiwa safi kawaida unarudi tena baada ya mwaka, halafu miaka 3.

5. KUSAFISHA TUMBO. Hapa ndo nilipoharibu mimi. Siku mbili kabla ya kamera nilipita msibani nikala makande, nikajiambia kidogo tu. Dawa ya kuharisha ya jioni nikanywa, ile nusu ya pili ya saa kumi alfajiri ikanishinda, ina chumvichumvi inakukaba kooni, nikaimwaga kwenye sinki nikamwambia wife nimemaliza. Kufika kule daktari akanigeuzia skrini, punje ya mahindi imekaa pale pale penye kovu, pembeni uchafu mtupu. Akachomoa kamera, tukapanga upya na hela nikalipa upya. Niliporudi baada ya wiki sita palikuwa na kinyama cha milimita 4 kimeota tena ukingoni, akakata akachoma, ikaisha. Ningedanganya tena kingebaki humo. Kwahiyo: siku tatu kabla hakuna maharage, mahindi, kisamvu, pasheni wala tikiti, kula wali mweupe, mkate mweupe, samaki, mayai. Siku ya mwisho vinywaji angavu tu, chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya dafu. JUISI YA ROZELA USIGUSE, ndani inaonekana kama damu. Na nusu ya pili ya dawa ndio yenye kazi, usiiruke.

6. Sigara acha, pombe punguza, mboga kula. Inasaidia visiote vipya, ila mabaki haiyatoi.

MASWALI

Kibopa_wa_Temeke: Mkuu nimesoma, sasa mlonge na aloe vera nichanganye vipi ili kisirudi?

Mwandishi: Hujasoma. Anza namba 2.

Kibopa_wa_Temeke: Mbona hasira, dawa za asili zipo tangu mababu

Mwandishi: Sina hasira mkuu. Mababu hawakuwa na kamera ndo maana hawakujua nani alikuwa na polipu. Kunywa mlonge wako, ila miezi 6 ikifika nenda.

mama_wawili: Samahani kaka, daktari anajuaje pale alipokata, utumbo wote si unafanana?

Mwandishi: Swali zuri sana dada. Wanadunga wino mweusi jirani na kovu, unabaki kama chale. Sio juu ya kovu lenyewe, maana unaleta makovu chini na kukata tena kunakuwa kugumu. Angalia ripoti yako kama imeandikwa.

mama_wawili: Imeandikwa! Asante. Natumia vidonge vya damu, vina shida?

Mwandishi: Kama ni vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma, huwa wanasimamisha kama wiki hivi kabla, vinafanya choo cheusi kinanata. Kama ni vya kuyeyusha damu USISIMAMISHE mwenyewe, waulize. Wa kisukari pia waulize kuhusu dozi zao, siku hiyo huli. Na waambie ndugu zako wa tumbo moja, wengine inabidi wapimwe mapema.

Bongozozo77: Mi nilisafisha tumbo mwaka jana sitaki kukumbuka, nilichubuka hadi kukaa ikawa shida 😂

Mwandishi: Vaselini unapaka KABLA hujaanza kuharisha, na unatumia maji sio tishu.

shangazi_tegeta: Dawa iweke kwenye friji na unywe kwa mrija, ladha haiji sana. Na kama umepanga choo cha kushea waambie majirani mapema, mimi nilipigiwa mlango usiku kucha.