Kupima kasi ya neva kwa watu 20 na simu moja

Ukiguswa kifundo cha mguu, ujumbe una zaidi ya mita moja ya kusafiri kabla hujajua kwamba umeguswa, na safari hiyo inakula muda. Johannes Müller, mmoja wa mabingwa wa fiziolojia wa Ujerumani, aliamini kasi hiyo haitapimika kamwe. Mwaka 1850 mwanafunzi wake, Hermann von Helmholtz, akaipima kwa neva ya chura na kupata takriban mita 30 kwa sekunde. Leo darasa lenye wanafunzi 20 na simu yenye stopwochi linaweza kuipima kwa binadamu ndani ya kipindi kimoja, bila maabara.

Kwanza mjue mnapima nini. Seli ya neva ina mwili, matawi mafupi ya kupokea ujumbe yaitwayo dendraiti, na mkia mmoja, aksoni, unaoupeleka ujumbe mbele. Aksoni ya neva ya mguuni yaweza kuzidi urefu wa mita moja. Seli ikiwa imetulia, ndani yake kuna umeme hasi wa takriban milivolti 70 ikilinganishwa na nje. Ikichochewa mpaka kufikia kama hasi 55, milango ya sodiamu hufunguka, ayoni za sodiamu, chembe zenye umeme chanya, huingia kwa wingi, ndani hugeuka kuwa chanya, na wimbi hilo hukimbia aksoni nzima. Ama linatoka lote, ama halitoki kabisa. Kuminywa kwa nguvu zaidi hakulikuzi wimbi wala hakulikimbizi. Kunaongeza tu idadi ya mawimbi na ya seli zinazoyatoa.

Kinachobadilisha kasi ni unene wa aksoni na ala ya mayelini, mafuta yanayoizunguka. Aksoni nene zenye ala hupitisha hata mita 100 na zaidi kwa sekunde, na zile nyembamba zisizo na ala hupitisha kati ya nusu mita na mita 2. Ndiyo maana ukijikwaa kidole gumba cha mguu unasikia chomo kali papo hapo, kisha baada ya kitambo kidogo ndipo yanakuja yale maumivu ya kufukuta.

Sasa kipimo. Kaeni chini kwa duara, nyuso ndani, magoti yamekunjwa, viatu vimevuliwa. Kila mmoja aweke mkono wa kulia kwenye bega la kushoto la aliye kuliani mwake. Fumbeni macho, kimya kabisa. Kiongozi anaminya bega la jirani na sekunde hiyohiyo anawasha stopwochi kwa mkono wa kushoto. Kila anayeminywa anamminya anayefuata. Ujumbe ukimrudia kiongozi, anaizima. Duru ya pili ni ileile, ila mnashika kifundo cha mguu wa kushoto badala ya bega, na mkao haubadiliki.

Fanyeni duru tano za mazoezi msizoziandika. Kisha bega mara tano, kifundo mara tano, bega tena tano, kifundo tena tano. Msifanye mabega yote kwanza. Watu wanazidi kuwa wepesi kadiri wanavyorudia, kwa hiyo vifundo vikiachwa mwisho vitaonekana vina kasi kuliko mabega, jambo lisilowezekana kwa njia iliyo ndefu zaidi.

Chukueni tepu ya fundi cherehani, mpime kila mtu umbali kutoka kifundo hadi kisogo, na kutoka bega hadi kisogo. Toeni la pili katika la kwanza, mjumlishe tofauti za watu wote. Tuseme tofauti ni wastani wa mita 1.1, mara watu 20 ni mita 22. Kama wastani wa duru za bega ni sekunde 5.6 na wa kifundo ni 6.0, tofauti ni sekunde 0.4. Gawanya 22 kwa 0.4: mita 55 kwa sekunde. Jibu lolote kati ya 35 na 75 ni zuri, maana ndicho kiwango cha neva za mguso.

Uzuri wa njia hii uko kwenye kutoa. Muda wa ubongo kuamua, wa mkono kuminya, hata uzito wa kidole cha kiongozi kwenye simu, vyote vimo katika duru zote mbili, kwa hiyo vinafutana. Kinachobaki ni mguu na mgongo tu.

Jibu likiwa kubwa mno, kuna anayebahatisha: ameona kiwiko kikisogea au amesikia nguo. Likiwa dogo mno, angalieni mavazi. Bega tupu na kifundo chenye soksi nene havisikii sawa. Vyote viwe vitupu au vyote viwe na kitambaa chepesi. Watu wakiwa chini ya 12, tofauti ya muda inakuwa ndogo kiasi kwamba makosa ya kidole yanaimeza.

Ila tazameni tena zile sekunde 6.0. Kwa kila mtu ni 0.3. Kupanda kutoka kifundo hadi kichwani na kushuka hadi mkononi hakuzidi 0.05. Sehemu kubwa ya muda haiko njiani kabisa. Inatumika ubongoni, ujumbe ukirukia seli hadi seli kwenye sinapsi nyingi, yaani maungio ya seli na seli, na kidogo kwenye msuli unaojikaza.

Anayetaka kuona ubongo ukirukwa apige goti. Mtu akae mezani, miguu ikining'inia. Papaseni kano laini chini kidogo ya pia ya goti, mpige hapo kwa ubavu wa kiganja. Ujumbe unakwenda hadi uti wa mgongo, unavuka sinapsi moja tu, unarudi kwenye msuli wa mbele wa paja, na msuli unaanza kuitika katika takriban sekunde 0.02. Mguu usiporuka, mara nyingi mhusika amekaza msuli. Mwambieni afungamanishe vidole vya mikono miwili, avute kwa nguvu huku na huku, na mpige akiwa anavuta. Wapo wazima wa afya ambao hata hivyo goti lao halitikisiki. Goti moja likiruka vizuri na la pili likakataa kabisa kila mnaporudia, hilo aoneshwe daktari.