Changi hadi Suvarnabhumi: usiamini saa za tiketi kabla ya kuzipigia hesabu

Tiketi yangu ya kwanza ya ndege kutoka Singapore (uwanja wa Changi) kwenda Bangkok (uwanja wa Suvarnabhumi) iliandikwa kuondoka 09:30, kufika 10:55. Saa moja na dakika ishirini na tano! Nikamwahidi rafiki tungekula pamoja mchana. Ya kurudi nayo ikadai karibu saa tatu na nusu, kwa njia ileile.

Siri ni kwamba kila tiketi huandika saa za mahali husika, na Singapore iko saa moja mbele ya Bangkok. Basi ukienda Bangkok, ongeza saa moja kwenye tofauti unayoiona. Ukirudi, punguza saa moja. Pande zote mbili zitakupa safari ya saa mbili na dakika 25 hivi. (Kwa jua lenyewe, Singapore ingestahili saa za Bangkok. Ilizisogeza mbele mwanzoni mwa 1982 ili zilingane na za Malaysia, ndiyo maana jua huko huchomoza karibu saa moja asubuhi.) Ukizoea saa za Kiswahili, zigeuze mapema kwa kalamu: 16:10 ni saa kumi na dakika kumi jioni. Usingoje kufanya hivyo ukiwa kwenye foleni.

Umbali nao unaweza kuupata bila programu yoyote. Changi iko nyuzi 1.4 kaskazini ya ikweta, Suvarnabhumi 13.7. Tofauti ni nyuzi 12.3, na kila moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo ni 1,365 kuelekea kaskazini. Upande wa magharibi kuna nyuzi 3.25, ambazo hapa ni fupi kidogo, kama kilomita 110 kila moja, sawa na kilomita 358 hivi. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: kama kilomita 1,410.

Gawanya kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, unapata saa moja na dakika 45. Dakika arobaini zilizobaki zimekwenda wapi? Zimeliwa na kutambaa ardhini, kusubiri zamu ya kuruka, kupanda taratibu, kuzunguka ili kutua. Safari ya saa kumi na mbili haizihisi dakika hizo. Hii fupi inazihisi sana. Mimi kwa safari fupi hugawanya kwanza, kisha naongeza dakika 40, na mara nyingi nakaribia kabisa kilichoandikwa.

Lakini siku yako haipimwi kwa ndege peke yake. Weka saa mbili za kuwahi Changi, uhamiaji wa Bangkok, kisha treni ya uwanja, Airport Rail Link, hadi kituo cha Phaya Thai mjini, karibu nusu saa. Mimi huhesabu saa sita, mlango hadi mlango. Tangu Mei 2025 mgeni anayeingia Thailand hujaza pia kadi ya kidijitali ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, ijaze ukiwa bado hotelini.

Mwisho kabisa tazama herufi tatu za uwanja. BKK ni Suvarnabhumi, mashariki ya jiji. DMK ni Don Mueang, kaskazini. Angani tofauti ya umbali ni ndogo mno. Barabarani, mimi niliyewahi kwenda BKK nikiwa na tiketi ya DMK, niliitazama ndege yangu ikiondoka kwenye simu, nikiwa ndani ya teksi.